Nani Alisikia? Shajara ya Kusoma Riwaya Uani, Ngamiani

Naandika shajara hii kwa ajili ya yeyote atakayetaka kufanya kazi kama yetu mtaani kwake: kuwakusanya wanawake, kusoma kwa sauti riwaya za Kiswahili ambamo wanawake wanapigwa, wanafungiwa na kudharauliwa, kisha kuulizana kitabu kimetuonyesha nini hasa. Nimefundisha Kiswahili shule za msingi hapa Tanga miaka 31, sasa nimestaafu. Nitaandika kila hatua ikiisha, pamoja na gharama zake. Pale tulipokosea sitapafunika, kwa kuwa hapo ndipo mwenzangu atakapopata faida.

Jumamosi, 3 Februari 2024

Tumeanza wanawake tisa, baada ya alasiri, uani kwa somo yangu. Kuna fundi cherehani, mama ntilie wawili, muuza samaki, wapangaji wawili wa nyumba hiyohiyo, kungwi mmoja, msichana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, na bibi wa miaka themanini na kitu ambaye sote tunamwita Bibi. Wanaosoma bila kukwama ni watano. Ndiyo maana tunasoma kwa sauti.

Vitabu tulivyochagua ni vitatu: *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971), *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed (1980) na *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi (1999). Kimoja kinatupeleka Ukerewe, viwili ni vya watunzi wa Zanzibar, na kati ya cha kwanza na cha mwisho imepita karibu miaka thelathini. Nilitaka tuone kama kuna kilichobadilika.

Gharama: nakala tano za vitabu hivyo (moja nilikuwa nayo) 61,000. Madaftari na kalamu 5,500. Sukari wakati huu imepanda, kilo 4,500. Maandazi na mbaazi wameleta mama ntilie wenyewe.

Jumamosi, 17 Februari

Kosa la kwanza ni langu. Nilianza kwa mhadhara. Niliandika kurasa mbili juu ya mfumo dume, chanzo chake, mirathi, mahari, elimu ya wasichana. Nikasoma zote. Wenzangu wakaitikia "ndiyo, Mwalimu" kama watoto wa darasa la tatu, na mama ntilie mmoja akasinzia, naye aliamka saa tisa usiku kukanda unga. Nusu saa nzima imepotea.

Ndipo nikafungua *Rosa Mistika*, pale Zakaria anapogundua barua ambayo binti yake Rosa ameandikiwa na kijana Charles, akampiga. Fundi cherehani alikuwa anapinda dera la mteja. Nikaona sindano imesimama, nusu ndani ya kitambaa na nusu nje. Hakuivuta mpaka nilipogeuza ukurasa. Kisha akauliza, "Mwalimu, na wale wadogo zake walikuwa wapi?"

Nilimjibu kwamba tutafika huko, nikaendelea na maswali niliyokuja nayo. Mtakaoiga kazi hii, msifanye nilivyofanya. Swali lile ndilo lililokuja kuwa kazi yetu yote, nami nililipita kama mtu anayepita mlango wa nyumba anayoitafuta. Zile kurasa mbili nimezichana. Tangu leo tunaanza na kitabu, na mazungumzo yatafuata mkondo wa kitabu.

Jumamosi, 2 Machi

Tumeanzisha daftari la safu. Kila tukikuta mwanamke anapigwa, anafungiwa au anatukanwa, tunaandika ukurasa, kisha nani kamfanyia nani, kisha sababu.

Safu ya sababu imetuharibia siku. Msichana wa kidato cha nne aliandika kwa mwandiko mzuri: "Sababu ya Rosa kupigwa: barua." Basi ukazuka mjadala. Msichana wa umri ule anapokeaje barua ya mvulana? Na mama yake alikuwa anaangalia nini? Kuna aliyesema baba alizidisha, lakini alikuwa na haki ya kukasirika. Tumezungumza dakika arobaini, yote juu ya mwenendo wa Rosa. Bibi alikuwa kimya, anachambua mchele. Alipoinua kichwa akasema, "Wanangu, mtoto mmemsimamisha kizimbani, baba yake mmempa kiti."

Tulinyamaza. Kisha tukakaa kurekebisha daftari, na marekebisho haya nayaandika kwa urefu kwa sababu yanaweza kumfaa mwingine.

Kwanza tulifuta neno *sababu* tukaandika *kisingizio*. Kungwi akakataa hilo nalo: ukiandika kisingizio umeshahukumu kabla ya kusoma, na anayesoma daftari atajua jibu tunalolitaka. Tukakubaliana tuandike *alichosema mpigaji*. Hayo ni maneno yake mwenyewe, hayapati nguvu ya sababu, na daftari linabaki la haki.

La pili ni sarufi, na hapa ualimu wangu umefaa. Tumekataza kuandika, kwa mfano wa mke wa Zakaria, "Regina alipigwa". Tunaandika "Zakaria alimpiga Regina". Kiswahili chetu kina mlango wa nyuma unaoitwa kauli ya kutendwa, na wapigaji wengi hutokea humo bila kuonekana. Amepigwa, ameachwa, amepewa mimba, kama kwamba ni mvua iliyonyesha. Tulirudi nyuma tukaandika upya mistari kumi na nne kwa namna hiyo. Ukurasa ukabadilika sura. Jina la Zakaria likawa limejipanga upande wa kushoto, toka juu hadi chini.

La tatu ni maneno yetu wenyewe. Tuliandika kwenye karatasi ya ukutani maneno yote tunayoyatumia mtaani badala ya kupiga: kumrudi mke, kumtia adabu, kumnyoosha, kumfunza, kumkanya. Muuza samaki akaongeza "kumwekea mkono". Hakuna hata moja lenye damu ndani yake.

Niliwasomea pia takwimu moja, kwa kuwa ilikuja mahali pake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 uliwauliza watu kama mume anaweza kuwa na haki ya kumpiga mkewe kwa mambo matano: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutowajali watoto, na kumnyima unyumba. Wanawake asilimia 58 walikubali angalau jambo moja. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Wanawake ndio waliozidi. Walipoisikia hakuna aliyeshangaa kama nilivyotarajia. Fundi cherehani alisema tu, "Ndiyo safu yetu ya sababu hiyo, Mwalimu."

Jumamosi, 9 Machi

Tumemaliza *Rosa Mistika* kabla ya Ramadhani. Charles anamkataa Rosa kwa kuwa hakumkuta bikira, na Rosa anajiua. Wenzangu walikasirika, wengine kwa machozi. Muuza samaki alitaka kujua kwa nini mtunzi amemuua. Mwenye fimbo aliwaharibia watoto wake maisha, halafu kaburi linachimbwa la mtoto.

Nilimtetea mtunzi kidogo. Kezilahabi ametuchorea mnyororo: fimbo ya baba inazaa woga wa wanaume, woga unazaa kutojua, na kutojua kunamtupa msichana mikononi mwa kila anayekuja. Usipouona mkono wa Zakaria mwanzoni, utadhani Rosa amejiharibu mwenyewe. Lakini hoja ya muuza samaki bado naiona nzito, nami nimeiandika daftarini kama alivyoisema.

Niliwakumbusha pia kwamba kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kilichowashtua wakubwa ni mambo ya mapenzi yaliyoandikwa waziwazi. Sikupata kusikia mtu aliyetaka watoto wasikisome kwa sababu ya kipigo. Hilo linaniuma mpaka leo, kwani nilikuwa mwalimu, na mimi pia nilipokionyesha kwa wenzangu wa ofisini nilikuwa natahadharisha juu ya kurasa zilezile.

Tumepumzika mpaka baada ya Idd.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo naandika kwa uzito. Tumemletea mwenzetu madhara.

Kabla ya Ramadhani, msichana wetu alishauri turekodi usomaji kwa simu ili wanaokosa waupate kwenye kundi la WhatsApp. Niliona ni wazo zuri. Lilikuwa na makosa mawili. La kwanza ni haki ya mtunzi: kusambaza sura nzima za kitabu kwa sauti, hata bure, ni kumnyima mtunzi na mchapishaji riziki yao. Hilo tuliligundua wenyewe tukaacha kurekodi usomaji, tukabaki kurekodi mazungumzo. Kosa la pili likawa hapo hapo. Siku ile ya Rosa, mwenzetu mmoja alisema maneno matatu manne juu ya nyumbani kwake. Hakutaja jina, ila sauti yake inajulikana. Mwezi wa Ramadhani mtu akaichezesha ile sauti mahali, mtu mwingine akaitambua, ikamfikia mume.

Sitaeleza yaliyotokea usiku ule. Yeye ameniruhusu niandike hivi tu: alihama siku nne kwa dada yake, mtaa wa Makorora, na jino moja halipo.

Nilipokwenda kumwomba radhi alinikaribisha chai. Nilishindwa kuinywa. Tulikuwa tumekaa wiki tano tukihesabu vipigo vya watu wa kwenye vitabu, na hatukuwa tumejiuliza hata mara moja: mmoja wetu akipigwa kwa ajili ya kazi hii, tutafanya nini kwanza? Anayetaka kuanzisha kikundi kama hiki asinunue hata kitabu kimoja kabla ya kuwa na jibu la swali hilo.

Rekodi zote tumezifuta, kundi la WhatsApp tumelivunja.

Jumamosi, 11 Mei

Wiki iliyopita hatukukutana kwa ajili ya tahadhari ya kimbunga Hidaya, pwani nzima ilikuwa imejifungia. Leo tumekutana saba. Wawili wameacha, na sikuwabembeleza.

Hatukusoma. Tuliweka taratibu. Simu zote zinaingia kapuni mlangoni, kapu linakaa kwa Bibi. Mambo ya nyumbani kwa mtu hayaandikwi, ya kitabuni ndiyo yanayoandikwa. Anayetaka kusema la kwake anaruhusiwa, na likisemwa linabaki kwenye busati. Wiki nzima kabla ya leo, mimi na kungwi tulizunguka: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ofisi ya ustawi wa jamii, na mwanamke mmoja msaidizi wa sheria. Tumejua fomu ya polisi, ile PF3, inachukuliwaje na inapelekwa wapi. Tumejua namba 116 ni ya kusaidia watoto. Tumejua nani ana chumba cha kumpokea mtu usiku mmoja bila maswali, nao wamejitolea watatu. Majina yao hayako kwenye karatasi yoyote.

Gharama: nauli za bajaji 9,000. Kazi ya siku mbili, nayo ndiyo iliyotakiwa kuwa ya kwanza.

Yule mwenzetu amekuja. Alikaa karibu na mlango.

Jumamosi, 25 Mei

*Utengano*. Maksuudi ni mtu wa mali na heshima mbele ya watu, na nyumbani amemfungia mkewe Tamima na binti yake Maimuna wasivuke kizingiti. Tamima anashikwa na uchungu wa kujifungua. Biti Kocho, mtumishi wa nyumba, ndiye anayekwenda kumwita Bi Farashuu aje kumzalisha. Maksuudi anarudi, anakasirika kwamba yule mwanamke ameingia nyumbani kwake. Anampiga mzazi aliyetoka kujifungua na kumpa talaka.

Nilipomaliza kusoma, fundi cherehani akasema, "Safu yetu imepungua moja." Akachukua rula akapiga mstari mwenyewe, juu yake akaandika: *Nani alisikia?* Msichana akaongeza safu nyingine kando: *Akafanya nini?*

Ndipo nikakumbuka swali lake la Februari, wadogo zake Rosa walikuwa wapi. Nimelipita miezi mitatu. Tulirudi *Rosa Mistika* tukaijaza safu mpya toka mwanzo. Riwaya hizi zina masikio mengi kuliko nilivyoona nilipozisoma peke yangu. Mume na mke hawako kisiwani. Kuna watoto, mtumishi, mkunga, jirani. Wapo wanaonyamaza, wapo wanaochochea, na wapo kama Biti Kocho, mnyonge kuliko wote ndani ya nyumba ile, ambaye miguu yake ndiyo iliyotoka nje kutafuta msaada. Nilimfundisha *Utengano* mtoto wa dada yangu alipokuwa sekondari. Tulimjadili Maksuudi na Maimuna jioni nzima. Biti Kocho tulimwandikia mstari mmoja.

Kisha mazungumzo yakashuka yenyewe mpaka tulipokaa. Nyumba nyingi za Ngamiani ni za ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na kuta zake hazifiki kwenye paa. Juu ni wazi. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anajua ana kifua. Mpangaji mmoja alieleza jinsi anavyofanya akisikia: anaongeza sauti ya redio. Miaka saba anaongeza sauti ya redio. "Tumefundishwa," akasema, "ndugu wakigombana chukua jembe ukalime." Mwenziwe wa chumba cha pili alimtazama muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Kumbe ile redio ni yako, shoga. Mimi nilikuwa nadhani mnasherehekea."

Hakuna aliyeongeza neno. Bibi alifunga mkutano kwa dua.

Jumamosi, 8 Juni

Nusu ya siku tuliiacha riwaya. Bibi anaujua *Utendi wa Mwana Kupona* kwa moyo, aliufundishwa na mama yake, na alitaka kutuimbia. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, akimwusia radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume.

Msichana wetu alikuja na hasira. Alitaka tuuandike daftarini kama ushahidi kwamba hata wanawake wanawafunza wanawake wenzao utumwa. Bibi hakukasirika. Alimwuliza, "Mwanangu, wewe ungekuwa unakufa, binti yako mdogo unamwacha peke yake kwa watu ambao mlango mmoja tu ndio unaofunguka, ungemfunza nini? Ungemfunza kufungua mlango huo."

Naona wote wawili wamesema kweli. Utendi ule unauonyesha ulimwengu wake wazi kuliko hoja yoyote: mama anayempenda mtoto wake kupita kiasi, na zawadi kubwa aliyonayo ni namna ya kuishi chini ya mume bila kuumizwa. Hatukuuandika kwenye safu. Tuliuandikia ukurasa wake.

Jumamosi, 29 Juni

Kikao cha wanaume. Kimefaulu robo tu.

Mjomba wa somo yangu alituombea nafasi kwenye baraza la kahawa baada ya Isha. Tuliwatarajia kumi na mmoja, wakaja wanne, wengine wakawa wanasikilizia kwenye bao la jirani. Nilikosea kuchagua kitabu. Niliwasomea Zakaria. Walisikiliza kwa adabu, kisha wa kwanza akasema, "Mwalimu, huyu ni mlevi. Mlevi hana mfano." Wote wakatikisa vichwa, mazungumzo yakaishia hapo. Zakaria ana chupa, basi kosa ni la chupa. Mtu asiyekunywa anaondoka msafi.

Hili nimelifikiria sana tangu jana. Mtunzi akimpa mpigaji pombe, wazimu au sura mbaya, anampa msomaji wa kiume pa kutokea, hata kama hakukusudia. Nilipoona wanainuka nilifungua *Utengano* nikasoma kurasa mbili za Maksuudi, mwenye mali na heshima. Hapo hawakuwa na pa kutokea. Mzee mmoja mwenye tasbihi alikaa na kikombe cha kahawa mpaka kikapoa. Mwishowe akauliza, "Huyo mtumishi, aliyekwenda kumwita mkunga. Alifukuzwa?" Nikamwambia asome mwenyewe, nikamwachia nakala. Haijarudi, nami siihitaji.

Mtakaofanya kikao cha wanaume, anzeni na mpigaji anayeheshimika. Kashata na kahawa: 7,000.

Jumamosi, 20 Julai

*Vuta N'kuvute*. Hapa walichangamka. Yasmin, msichana wa miaka 15, anaozwa Bwana Raza, mwanamume mzima anayeweza kumzaa. Anakimbia ndoa ile. Ndugu zake hawamtaki, na anayempokea ni Mwajuma, shoga yake. Safu ya *Nani alisikia?* ikapata jina ambalo kila mtu alitaka kuliandika, mpaka kalamu ikagombewa.

Muuza samaki alikuwa na jambo lake tangu Rosa. Alitaka kujua kwa nini kila msichana anayetoka kwa baba yake anaangukia pombe na wanaume. Rosa hivyo. Maimuna naye anapita danguroni kabla ya kuipata njia. Ni kweli mji unawafanyia wasichana hivyo, lakini ni kweli pia kwamba mlango wa baba unaonekana mtamu zaidi ukionyeshwa shimo nje yake. Msichana anayesoma anaweza kutoka na funzo moja tu: usitoke. Yasmin anatoka, anateseka, na bado anabaki na akili zake na uchaguzi wake. Tofauti niliyoiona ni kwamba yeye alipotoka kulikuwa na mtu wa kumpokea.

Kungwi akahesabu watunzi kwa vidole: wanaume, wanaume, wanaume. Tumekubaliana kitabu cha nne kiwe cha mwanamke, *Mwisho wa Kosa* ya Zainab Burhani (1987). Nimekitafuta maduka matatu hapa mjini bila kukipata, nimeagiza Dar es Salaam, 18,000 pamoja na usafiri wa basi. Ningeanza naye kama ningefikiri vizuri Februari.

Msaidizi wa sheria alikuja nusu saa. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971, mwaka uleule wa *Rosa Mistika*. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Mama ntilie alimwomba akirudie, kisha akaomba akirudie tena. Sheria hiyohiyo, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu ile mwaka 2019. Yasmin na miaka yake 15 hakuwa mbali nasi kama tulivyodhani.

Mwisho tukaitumia safu ya *Akafanya nini?* kwa namna nyingine. Kila mmoja alitaja jambo moja dogo ambalo mtu wa chumba cha pili anaweza kulifanya bila kujitia hatarini. Kuwasha taa ya ukumbini. Kuwaita watoto waje kulala chumbani kwake. Kupiga hodi kuomba chumvi. Kwenda wawili, asiende mmoja. Kusema "tumesikia" na kubaki pale pale mlangoni. Redio tuliiandika pia, tukaikata kwa mstari.

Jumamosi, 17 Agosti

Hesabu mpaka leo: vitabu 79,000, madaftari na karatasi 9,500, chai na sukari 38,000, nauli 21,000, kikao cha wanaume 7,000. Jumla 154,500. Mchango wetu ni 1,000 kwa mkutano kwa anayeweza, upungufu nimeutoa kwenye pensheni.

*Mwisho wa Kosa* kimefika. Tutaanza Jumamosi ijayo. Yule mwenzetu aliyepoteza jino ameomba yeye awe wa kwanza kusoma, nami nampa sura ya kwanza aende nayo kwa dada yake akaizoee.

Jambo moja la wiki hii nimeruhusiwa kuliandika. Usiku wa Jumanne, kwenye nyumba ya vyumba sita ambayo siitaji, kelele zilianza saa sita kasoro. Taa ya ukumbini ikawaka. Wanawake watatu walitoka na khanga zao, wa nne akafuata na mwanamume mmoja mzee. Mwenye redio ndiye aliyepiga hodi. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati, na aliomba chumvi. Mlango haukufunguliwa. Akaomba tena, wakasimama. Walisimama mpaka ndani kukawa kimya, kisha mlango ukafunguka kidogo, mke akatoka na chumvi kwenye kiganja, na hakurudi ndani usiku ule.

Asubuhi mwenye redio alikuja kwangu kabla sijafagia. Alitaka daftari. Nikamwambia ni la vitabu tu, ndiyo taratibu yetu. Akasema anajua, anataka kuliona tu. Alikaa kibarazani akalifungua kwenye ile safu ya fundi cherehani, akawa anapitisha kidole kwenye majina.

Kikombe bado alikuwa nacho.